Nyumba ya mawe Lamu: chukueni vyumba vya chini, kile cha juu waachieni wengine

Nianze na jibu kabisa juu najua wengi mtasoma mistari mitatu mhame. Ndio, nyumba ni ya maana, lipeni mwende. Lakini mkifika msikubali kupandishwa kile chumba cha juu chenye madirisha ya vioo kinachouzwa bei kali, ombeni vile vyumba vya chini vya giza ambavyo kwa picha hata havionekani vizuri. Haya mengine yote ni kueleza kwa nini, na nitaongea sana, jipangeni.

Kazi yangu hapa Nairobi ni kuonyesha watu nyumba za kupanga. Eastleigh, Pangani, Ngara, South C, saa zingine hadi Ruaka kama kamisheni inaeleweka. Maswali naulizwa yaleyale, kuna balkoni, maji ni ya kanjo ama ya kisima, tokeni ya stima ni yangu peke yangu ama tunashare na jirani, viu iko wapi, yaani dirishani naona nini huko nje. Kwa hivyo hio nyumba ya Lamu niliingia na macho ya kazi na macho ya kazi yalikataa karibu kila kitu. Unafungua mlango unapatana na ukuta. Vyumba havina dirisha la kuangalia nje. Korido hakuna. Ukitaka kufika chumba cha mwisho lazima ukatize kwa mwenzako. Ingekua nyumba ya Ngara ningemwambia landlodi ashushe bei kwanza ndio tuanze kuongea.

Jina lake siliandiki. Nina malalamiko na mwenye nyumba, alafu mzee anayeitunza ni mtu mwema sana na sitaki apoteze kazi kwa ajili ya maneno yangu. Jueni tu iko Mkomani, ule upande wa kaskazini wa mji wa kale wenye nyumba za mawe, ukiacha Ndia Kuu unaingia ndani vichochoroni. Za aina hio ziko nyingi pale, kwa hivyo nitakayosema yatawafaa hata mkikodi ya jirani.

Safari siichambui sana. Wenye pesa wanapanda ndege Wilson wanashuka Manda wanavuka na boti. Sisi tulikua jeshi, mamangu, shangazi, dada zangu na watoto wao, tukachukua SGR hadi Miritini, tukalala Mombasa kwa watu wetu, asubuhi basi ya Lamu, Malindi, Garsen, Witu, hadi Mokowe, hapo ndio unaingia boti. Barabara kutoka Garsen kuja huko siku hizi ni lami. Vizuizi vya polisi viko, kitambulisho kikae mfukoni si ndani ya begi iliyofungwa kule juu ya basi. Ukishuka jeti hutafuti teksi juu mle mjini gari haipiti, mizigo inabebwa na hamali ama punda nyinyi mnafuata kwa miguu, na kuna vichochoro ukikutana na punda amebeba mawe mmoja wenu lazima arudi nyuma, na si punda.

Sasa nyumba.

Nje haina sura. Ni ukuta mrefu mtupu wa mawe na chokaa, umechakaa kidogo, hakuna dirisha la kukuchungulia. Dadangu wa Buruburu akaniuliza kwa sauti ya chini kama kweli tumetuma pesa kwa hii. Nikamwelewa. Huku kwetu mwenye gorofa anamaliza pesa yote kwa uso wa nyumba, vioo vya samawati, geti ya kung'aa, alafu ndani anakuwekea sinki ya kutikisika na mlango wa choo usiofunga. Lamu pesa yote iko ndani na barabarani hawakuonyeshi kitu isipokua mlango. Lakini huo mlango! Mbao mbili nzito, mfaa katikati umechongwa maua na minyororo kutoka juu hadi chini, na hio kazi bado inafanywa, ukitembea mjini utakuta vijana wamekaa na patasi wanachonga mingine.

Mbele ya mlango kuna daka, yaani kisehemu kimeingia ndani kidogo kina baraza za mawe pande zote mbili. Mzee alikua amekaa hapo anatusubiri. Mama akatoa salamu, "Asalam aleikum," akajibiwa, "Waaleikum salaam, karibuni mama, karibuni, mwafika salama? Poleni na safari, ingieni, ingieni, hapa ni kwenu." Akatueleza zamani mgeni wa kiume asiye wa familia hapo hapo daka ndio ilikua ofisi. Anakaribishwa, anapewa kahawa, wanamaliza biashara yao na mwenye nyumba, anaenda zake bila kujua ndani kuna nini wala nani. Na hata mlango ukiwa wazi haoni, juu ukiingia tu unapinda, ule ukuta niliopatana nao umewekwa hapo makusudi. Nilinyamaza nikafikiria zile wanbedrum naonyesha watu, unafungua mlango na mtu wa kuleta gesi anaona hadi kitandani.

Ukishapinda unatokea kiwandani, uwanja mdogo ulio wazi juu, kuta nyeupe, mwangaza mpaka unafumba macho. Huo uwanja ndio dirisha la nyumba nzima. Vyumba vyote vinauangalia, na vimepangwa kimoja nyuma ya kingine. Cha kwanza msana wa tini, yaani ukumbi wa chini, nyuma yake msana wa yuu, ukumbi wa juu kidogo, nyuma yake kile wanachokiita ndani, na kila ukiingia mbele sakafu inapanda kidogo kama ngazi moja. Msana wa kwanza uko wazi kabisa upande wa kiwanda, hauna mlango, ni pazia tu kama unataka. Kadri unavyoingia ndivyo mwanga unapungua na joto linapungua pia. Mpangilio ni wa heshima vilevile, mgeni wa kawaida anakomea mbele, jamaa wa karibu anasogea, huko nyuma kabisa ni kwa wenye nyumba na wanawake wao.

Kila chumba kimekaa umbo la basi, kirefu lakini chembamba, na watoto walianza kulalamika hapo hapo kwamba hakuna nafasi ya kukimbia. Nikamuuliza mzee kwa nini matajiri waliojenga haya yote walijinyima upana. Akaniambia niangalie juu. Dari ni boriti za mikoko zimepangwa karibu karibu, juu yake mawe ya matumbawe na chokaa nzito, na boriti ya mkoko haiwezi kubeba huo uzito ikiwa imenyooka mbali sana. Kwa hivyo upana wa chumba unaamuliwa na mti, ni kama mita 3 hivi basi, urefu ndio unaongeza vile pesa yako inakuruhusu. Huku mimi nauza skwea futi siku nzima na sijawahi kuona plani iliyokatwa na mti wa baharini.

Kuta zenyewe ni nene, pahali pengine nusu mita. Mawe ni ya matumbawe, na hadi leo huko Manda kuna kijiji kinaitwa Maweni watu wanachimba mawe ya kujengea wanavukisha na majahazi. Chokaa inatoka kwa matumbawe hayohayo, yanapangwa juu ya rundo la magogo yanachomwa hadi yalainike, alafu inatiwa maji inaachwa ikae muda mrefu kabla ya kutumika. Hio chokaa ndio wamepigia lipu ndani, ni laini ukipitisha mkono na haitoi vumbi.

Alafu kuna zidaka. Hizi mmeziona kwa picha hata kama hamjui jina, ni ule ukuta wa mwisho wenye vijishubaka vingi vya chokaa vimepangwa safu juu ya safu kutoka chini hadi karibu na dari, vimezungushwa nakshi. Kazi yake ilikua kuweka sahani na bakuli za kutoka China, misahafu, vyetezo, vitu vya kuonyesha kwamba hapa kuna watu. Sasa hivi mwenye nyumba ameweka mishumaa ya plastiki ya kuwaka kwa betri. Sisemi kitu.

Jua linafanya nini mle ndani, hapo ndio utamu ulipo. Tulienda likizo ya Disemba, msimu wa kaskazi, joto la Lamu wakati huo si la mchezo. Saa saba mchana barabarani hakukaliki, kiwandani kunaunguza, msana wa kwanza ni kawaida, msana wa pili unaanza kuhisi shingo inapoa, na ndani mama alikua amejifunika leso. Bila feni. Ukuta mnene unachelewa kupata moto, jua halifiki kuugonga moja kwa moja juu nyumba zimebanana na kila moja inamtilia mwenzake kivuli, alafu hewa ya moto kiwandani inapanda juu inaondoka na kuvuta nyingine kupitia misana. Hakuna mashine yoyote hapo. Ni watu waliokaa na hilo joto miaka mingi wakalielewa, mji wenyewe umekaliwa zaidi ya miaka 700, na ile UNESCO ilipouingiza kwa orodha ya urithi wa dunia 2001 haikua sababu ya fukwe.

Sasa njooni juu.

Gorofa ya juu mwenye nyumba ameamua kutengenezea sisi. Namaanisha sisi watu wa Nairobi. Ametoa dari ya boriti akamwaga zege, akavunja ukuta akaweka dirisha kubwa la aluminiamu la kusukuma linaangalia baharini, tailizi za kung'aa chini, kitanda cha duka, eisi ukutani, na kwa tangazo anakiita swiiti. Picha tisa kati ya kumi kwa tangazo ni za hicho chumba na hilo dirisha. Dadangu wa Buruburu alishakiona kwa simu akasema hicho ni changu, nitaongeza pesa. Akaongeza. Asubuhi jua la Lamu linatokea upande wa Manda, linaingia lote kwa kile kioo, na saa tatu asubuhi mtu amefunga pazia nzito anakaa gizani na eisi inanguruma. Viu aliyolipia hajaiona mchana hata kidogo. Ikafika jioni stima ikapotea kidogo mtaani, si kitu kigeni, na zege imekunywa jua mchana mzima sasa inalirudisha. Akashuka na godoro kichwani. Sisi chini tulikua na taa ya betri tunapiga stori hata hatukua tumejali sana.

Na huyo bwana anatoza stima ya eisi kando. Haikua kwa tangazo. Nilimpigia, akaniambia iko kwa "masharti". Masharti yenyewe unayapata ukishalipa.

Kitu kingine, na hii nawaambia kama mtu anayekagua kuta kila siku. Pale alipoziba nyufa ametumia saruji. Utaona tu, pahali pa chokaa ya zamani ukuta uko kavu, na pahali pa saruji rangi imevimba na kumenyeka na chini yake kuna unga mweupe wa chumvi. Matumbawe yametoka baharini, yana chumvi na yanavuta unyevu, chokaa inauacha unyevu utoke taratibu na saruji inaufungia ndani, ukikosa njia unasukuma lipu hadi inaanguka. Mzee anajua hii kitu vizuri sana. Alinionyesha kwa kidole bila kusema neno baya la mwajiri wake, akasema tu, "Fundi wa chokaa ni ghali mwanangu, na hana haraka." Nikasema haya, na yule wa saruji mtamwita kila mwaka.

Wacha niwatoe Lamu kidogo niwarudishe Majengo, kule Pumwani hapa Nairobi. Mimi nimezaliwa Pumwani, nyanya yangu alikua na nyumba pale, zile za zamani ambazo mpango wake unatoka miaka ya 1920 serikali ya mkoloni ilipowahamishia Waafrika hapo. Watu wanaziona mabati na udongo tu wanaziita slamu. Lakini ukiingia ni nyumba ya Kiswahili, korido katikati, vyumba huku na huku, mlango wa nyuma unatokea uwani ambapo kuna jiko na choo na maisha yote, na mbele pale barazani ndio wazee walikua wanakaa jioni. Shangazi alipoingia kiwandani Lamu akasema, "Ah, si ni uwa huu," akavua viatu akakaa chini kwa mkeka kabla hata ya kuonyeshwa chumba. Hio korido ya Majengo Lamu hawana, kule chumba kinazaa chumba, na sisi Majengo korido ilitufaa juu kila chumba kilikua na mpangaji wake na hutaki kumpita mtu kitandani. Nyumba ya Lamu ni ya familia moja. Ukienda na marafiki wa kazini mkalala kila mtu na mambo yake mtagombana siku ya kwanza, mapazia hayazuii sauti, na anayeenda choo usiku anapita kwa kila mtu. Ukienda na mamako na shangazi na watoto, hio kupitapita ndio raha yenyewe.

Kile chumba cha ndani kabisa kina stori. Mzee alituambia bila kupaka sukari kwamba zamani huko nyuma ndiko wanawake walijifungulia, na ndiko maiti ilioshewa. Shangazi akahamisha mto wake msana wa pili siku hio hio, hakurudi. Mama akasema waliozaliwa humo ni wengi kuliko waliooshwa, wote wakioshwa mara moja tu, akalala usingizi mzito peke yake na kitanda kikubwa cha kamba akakipata bure. Vile vitanda jamani, virefu kwenda juu, vya kuchonga, mtoto anapanda kwa kigoda.

Choo. Najua mlikua mnangoja. Kuna kile cha kisasa cha kuvuta maji na bomba la mvua, kiko sawa, presha inategemea tanki. Lakini pembeni wameacha birika ya zamani, tanki la chokaa lililojengwa kwa ukuta, unachota kwa kata unajimwagia, na ndani kuna visamaki vidogo. Watoto walipiga kelele kwanza wakafikiri ni wadudu. Hao samaki wanakula vile viluwiluwi vya mbu, na chini ya birika kumejengewa bakuli la kaure ili maji yakipungua samaki wabaki na pahali pa kukaa. Manze, hio ilinimaliza. Mtu amejenga bafu akamfikiria samaki wake, na mimi nina landlodi Pangani hajamfikiria mpangaji kwamba ana nguo za kuanika. Hata hivyo mbu wako, vichochoro vina mitaro wazi, laleni kwa neti.

Jiko liko juu kabisa chini ya makuti ili moshi upepetwe na upepo, na hapo nyumba inarudi kua tamu kwa sababu juu ya hio swiiti mbaya kuna hio sehemu ya makuti ambayo mwenye nyumba hajaigusa bado. Jioni mnakaa hapo. Dada anayepika analipwa kando, mnampa pesa ya soko anaenda mwenyewe, samaki wa kupaka, wali wa nazi, asubuhi mahamri na mbaazi, maji ya ukwaju. Mlipeni vizuri na mumlipe yeye mkononi, si kupitia kwa wakala wa Nairobi anayepokea pesa ya nyumba. Angalizo la watoto: ukingo wa juu ni mfupi, ngazi ni za mawe, nyembamba, hazina pa kushika. Dadangu mdogo ana wa miaka miwili na hakupumzika hata dakika. Na mamako kama ana magoti mabaya mle chakula chini tu kiwandani, mzee hatakataa kuwateremshia.

Kelele ziko. Punda wanalia usiku na wanalia kwa hisia. Adhana inatoka misikiti mingi kwa wakati mmoja, sisi ni Waislamu haikutusumbua, wewe jijue. Mtandao ulikua wa kushtukiza. Kupotea mtapotea, kuta zote ni ndefu na zinafanana, lakini mji unateremka kuelekea bahari kwa hivyo ukifuata mteremko unatokea jeti.

Malalamiko kuhusu pesa niyaweke yote hapa. Tulituma dipositi kwa wakala aliye hapa hapa Nairobi, tukaambiwa inarudi siku tukitoka, ikarudi baada ya kusumbuana kwa simu hadi nikachoka kuwa mpole, na ilikua imekatwa pesa ya "usafi" ambayo dada wa pale hakuiona hata ndururu, nilimuuliza. Kwa bei ya usiku yenyewe sina neno, ni nyumba nzima mnapewa, tukigawana watu wazima kila mmoja alilipa chini ya hoteli ya kawaida ya Nyali. Andikeni makubaliano, chukueni risiti, piga picha kila kona siku ya kuingia. Mimi ndio huwaambia wapangaji hayo kila siku.

Kama mna nafasi, kabla ya kufungua hata mabegi nendeni ile nyumba ya makumbusho ya Kiswahili iko hapo hapo mjini, ni ya Makumbusho ya Taifa, ndogo tu lakini imepangwa vile nyumba ilikua ikikaliwa. Ukishaiona hio utaelewa yako imekatwa wapi na imeongezwa nini. Ngome pia iko palepale uwanjani, ilijengwa kati ya 1813 na 1821, kuta zake ni darasa lingine la mawe na chokaa, baadaye wakaigeuza jela miaka mingi.

Siku ya kuondoka mwenye nyumba alinipigia yeye mwenyewe kuuliza kama tulifurahia. Nikamsifia vyumba vya chini, mzee, dada wa jikoni. Akashukuru alafu akaniambia habari njema, kwamba mwaka huu akipata pesa anatoboa madirisha msana wa chini na kubadilisha dari iwe zege, awe na swiiti tatu. Nikamuuliza nani amemwomba. Akasema, "Wateja, mama. Wateja wa Nairobi wote wanauliza viu, na wakikosa wananipunguzia nyota." Kwa kweli sikumkasirikia hapo. Amesikia kile ninachosikia kazini kila siku, anafanya kile landlodi wangu wote wanafanya. Nilimwambia picha za tangazo abadilishe, aweke kiwanda, aweke zidaka bila mishumaa ya plastiki, aandike wazi kwamba chini hakuna viu na hakuna joto, aone nani atakuja. Akacheka. Sijui kama alicheka vizuri.

Kwa hivyo wale mtakaokodi hapo ama popote Mkomani, kwa simu ulizeni maswali haya badala ya viu: dari ni boriti ama zege, vyumba vya chini viko wazi kwa wageni ama mmevifanya stoo, birika iko, lipu ni chokaa? Mkiulizwa mnatoka wapi semeni Nairobi, kwa sauti. Nyota nawapa nne, zote za chini, na chumba cha juu hakina hata moja. Mkitaka wakati wa Maulidi, yaani mfungo sita, wekeni nafasi mapema sana juu watu wanatoka kila pembe kuja msikiti wa Riyadha na nyumba zinajaa hadi barazani, na hamali wa jeti wakati huo bei yao muelewane kabla hajainua begi.